Beatrice Shilling: Mhandisi aliyeingia mbio za pikipiki kupitia karakana

MIONGONI mwa wanawake walioshiriki mbio za pikipiki katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, ni watatu pekee waliotunukiwa Nyota ya Dhahabu. Nishani hiyo ndogo ya kubandikwa kifuani ilitolewa kwa mwendeshaji aliyekamilisha mzunguko mmoja, mashindano yakiendelea, kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 161.

Mmoja wa watatu hao alikuwa Beatrice Shilling, binti wa mwenye bucha kutoka kusini mwa Uingereza.

Wengi wanaomkumbuka leo humtaja kwa sababu ya kifaa alichokibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kifaa kilichowafaa mno marubani wa ndege za kivita za nchi yake. Hata hivyo, nishani ile na kifaa hicho vilitoka katika chimbuko moja. Mwanamke huyu aliijua injini kwa mikono yake kabla ya kuisoma vitabuni, na ujuzi huo ndio uliomfungulia milango ambayo jinsia yake ingeifunga.

Shilling alizaliwa Machi 8, 1909, katika mji mdogo wa Waterlooville, jimbo la Hampshire. Tangu utotoni alipendelea spana na bisibisi kuliko vitu walivyopewa wasichana wa rika lake kuchezea. Akiwa na umri wa miaka 12 alishinda tuzo katika shindano la kuunda vitu kwa vipande vya chuma vya Meccano, vilivyokuwa maarufu sana miongoni mwa watoto wa zama hizo.

Miaka miwili baadaye alijinunulia pikipiki. Kwake haikuwa chombo cha usafiri tu. Aliifungua, akazichambua sehemu zake, kisha akaiunganisha upya. Kabla hajamaliza shule alikuwa ameshaamua kwamba angekuwa mhandisi.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wengi wa Uingereza waliitwa viwandani kushika nafasi za wanaume waliokwenda vitani. Vita vilipomalizika, wakatakiwa kurejea jikoni. Ni katika mazingira hayo ambapo Chama cha Wahandisi Wanawake kiliundwa mwaka wa 1919, ili kutetea haki ya mwanamke kuendelea na kazi ya ufundi.

Mwanachama mmoja wa chama hicho, Margaret Partridge, aliendesha kampuni yake ya kuweka umeme majumbani na vijijini. Ndiye aliyemwajiri Shilling alipotoka shuleni. Kwa muda wa miaka mitatu binti huyo alitandaza nyaya na kufunga jenereta. Partridge, ambaye alitambua kipaji alichokuwa nacho, akamhimiza akasomee uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Shilling alihitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1932. Aliongeza mwaka mmoja akapata shahada ya uzamili, safari hii katika uhandisi wa mitambo. Baadaye aliajiriwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham kama msaidizi wa profesa aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu injini.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipojitosa katika mbio za pikipiki.

Brooklands haukuwa uwanja wa kawaida. Ulifunguliwa mwaka wa 1907 karibu na mji wa Weybridge, kusini magharibi mwa London, na ulikuwa wa kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa mbio za magari. Njia yake ya zege ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 4.4, na kwenye kona ilipanda mfano wa ukuta wa bakuli hadi kimo cha karibu mita tisa. Mwendeshaji aliyekosa kasi ya kutosha hangeweza kupanda sehemu ya juu ya ukuta huo.

Isitoshe, zege lenyewe lilikuwa limeanza kupasuka na kutitia. Kulikuwa na mahali, pale njia ilipovuka mto Wey, ambapo pikipiki iendayo kasi iliruka na kuelea hewani magurudumu yote mawili. Pikipiki za wakati huo hazikuwa na springi za nyuma, kwa hivyo kila mtikiso ulimfikia mwendeshaji mgongoni na mikononi.

Shilling aliingia humo kwa Norton yenye injini ya sentimita za ujazo 500. Msomaji aliyezoea bodaboda za mijini kwetu, ambazo nyingi ni za kati ya 100 na 150, anaweza kukisia nguvu za chombo hicho.

Hakuwa mwendeshaji wa kulipwa. Waliolipwa walipewa pikipiki na mafundi na viwanda vilivyotaka kutangaza bidhaa zao. Waendeshaji wa ridhaa kama yeye walijigharamia: vipuri, petroli na ada ya kushiriki vilitoka mifukoni mwao, na mazoezi yalisubiri mwisho wa wiki. Kuanguka kulimaanisha kupoteza fedha pamoja na kuhatarisha maisha.

Lakini Shilling alikuwa na kitu ambacho washindani wake wengi hawakuwa nacho. Fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Alichokisoma chuoni kuhusu uchomaji wa mafuta na mtiririko wa hewa alikijaribu kwenye Norton yake, hadi akaifunga mtambo wa kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda ili injini ipumue zaidi na kuzalisha nguvu nyingi zaidi. Iwapo pikipiki ilikataa kwenda ipasavyo, hakuhitaji kumwita mtu.

Mwaka wa 1934 ulikuwa wa fanaka kwa wanawake wa Brooklands. Mnamo Aprili, Florence Blenkiron alikuwa wa kwanza wao kuvuka maili 100 kwa saa akiwa juu ya pikipiki. Miezi michache baadaye Shilling naye akajishindia Nyota ya Dhahabu. Mzunguko wake wa kasi zaidi uwanjani humo ulifikia maili 106 kwa saa, takriban kilomita 170.

Mwanamke wa tatu, Theresa Wallach, aliipata nyota hiyo mwaka wa 1939. Wallach na Blenkiron wana historia nyingine inayoligusa bara letu. Desemba 1934 waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni na tela, wakavuka jangwa la Sahara, na kufika Cape Town katikati ya mwaka uliofuata.

Miongoni mwa wanaume walioshindwa na Shilling alikuwepo Noel Pope, mwendeshaji aliyeweka mwaka wa 1939 rekodi ya mzunguko wa pikipiki Brooklands, zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Rekodi hiyo haijavunjwa wala haitavunjwa, maana mwaka huo huo vita vilizuka na uwanja ukafungwa moja kwa moja kama mahali pa mbio.

Wakati huo Shilling alikuwa ameshahamia Farnborough, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, alikoajiriwa mwaka wa 1936. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika vitabu vya maelezo ya mitambo. Haikuchukua muda kabla ya wakuu wake kung'amua kuwa mtu wa aina hiyo hafai kuachwa mezani na kalamu, wakamhamishia katika utafiti wa kabureta.

Mwaka wa 1938 aliolewa na George Naylor, mwenzake kazini. Kuna simulizi kwamba alikataa ndoa hadi Naylor naye apate Nyota ya Dhahabu ya Brooklands. Iwe ni kweli au ni utani wa marafiki, wawili hao waliishi maisha yao yote wakiwa na grisi mikononi. Vita vilipopamba moto, Naylor akawa rubani wa ndege za mabomu.

Mwaka wa 1940, ndege za Kijerumani ziliposhambulia Uingereza, tatizo kubwa lilijitokeza. Ndege za Spitfire na Hurricane zilitumia injini ya Merlin iliyokuwa na kabureta, ilhali Messerschmitt za Wajerumani zilipuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya injini. Mjerumani aliyezidiwa aliinamisha tu pua ya ndege yake na kutoweka. Mwingereza aliyejaribu kumfuata kwa namna hiyo hiyo alipoteza nguvu za injini.

Sababu ilikuwa hii: ndani ya kabureta mna chombo kidogo cha petroli, na boya linaloamua ni kiasi gani kiingie. Ndege ilipoinama ghafla, petroli ilirushwa juu na injini ikakosa mafuta kwa muda mfupi. Kisha boya likapotoshwa, petroli ikafurika, injini ikatoa moshi mweusi na hata kuzimika. Ili kukwepa hayo, marubani walilazimika kuigeuza ndege kichwa chini kwanza ndipo wapige mbizi, na kufikia hapo adui alikuwa ameshakwenda zake.

Suluhisho la Shilling lilikuwa kijipande cha chuma chenye tundu katikati, kidogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Tundu hilo lilipimwa ili lipitishe petroli ya kuitosheleza injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, na lisipitishe zaidi. Hivyo mafuriko yakazuiwa. Kifaa hicho kilifungwa kwenye bomba la mafuta bila kuiondoa ndege kazini.

Kufikia Machi 1941 Shilling aliongoza kikundi kidogo kilichozunguka kambi za wanahewa kuvifunga vifaa hivyo, yeye mwenyewe akisafiri kwa Norton yake. Kifaa hicho hakikumaliza tatizo lote, lakini kilitumika hadi kabureta za aina mpya zilipopatikana. Marubani walikipa jina lake kwa utani uliojaa shukrani.

Kwa sadfa ya ajabu, Brooklands kulikuwa na kiwanda kilichounda ndege za Hurricane. Mahali alipojifunzia tabia za injini ndipo zilipotoka baadhi ya ndege alizozitibu.

Baada ya vita alipewa nishani ya heshima ya taifa ya OBE. Aliendelea Farnborough hadi alipostaafu mwaka wa 1969, akichunguza, pamoja na mengine, jinsi ndege zinavyofunga breki kwenye njia zilizolowa. Chuo Kikuu cha Surrey kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Pamoja na hayo yote, hakuwahi kufikishwa katika vyeo vya juu kabisa vya kituo alichokitumikia zaidi ya miaka 30.

Mbio hakuziacha. Yeye na mumewe walihamia kwenye magari, wakiyatengeneza nyumbani na kuyashindanisha wao wenyewe wakati wengi wa rika lao walikuwa wakiwaza kustaafu.

Ufanisi wake haukuwafungulia njia moja kwa moja waliomfuata. Mwaka wa 1962 Beryl Swain alishiriki peke yake juu ya pikipiki mbio mashuhuri za TT katika kisiwa cha Man, wa kwanza miongoni mwa wanawake kufanya hivyo. Wasimamizi wa mchezo huo wakamzuia kurudi. Ilipita miaka 16 kabla ya Hilary Musson kushiriki mbio hizo mwaka wa 1978.

Shilling alifariki Novemba 18, 1990, akiwa na umri wa miaka 81. Mgala muue na haki yake mpe: makumbusho ya Brooklands sasa yamehifadhi nishani na vikombe vyake, na chuo cha Royal Holloway kimelipa jengo la uhandisi jina lake.

Uwanjani, saa iliyopima kasi haikuuliza aliyekaa juu ya tandiko ni mume au mke. Ofisini alikofanyia kazi swali hilo liliulizwa hadi mwisho. Pengine ndiyo sababu, kila Jumamosi ilipowadia, mhandisi huyu alivaa ovaroli, akachukua spana zake na kurudi kwenye injini.