Marie Curie: Mwalimu Aliyefundisha Ugenini

Katika chama chetu kuna mjadala usiokwisha, nao ni huu wa walimu wa sayansi kwenda kufanya kazi ng'ambo. Upande mmoja hushikilia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Upande wa pili nao hujibu, tembea uone mengi. Mimi nimeona heri niwaletee maisha ya mama mmoja aliyezijua pande zote mbili. Wengi wetu tunamjua kwa tuzo zake mbili za Nobel, ya fizikia mwaka wa 1903 na ya kemia 1911. Kumbe alikuwa mwalimu pia, tena mwalimu hasa!

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, akaitwa Maria Skłodowska. Siku hizo Polandi haikuwa kwenye ramani. Ilikuwa imegawanywa na wakubwa, na Warsaw ilitawaliwa na Urusi, hata watoto wakalazimishwa kusoma kwa Kirusi. Babake alifundisha hesabu na fizikia. Mamake, aliyekuwa mwalimu vilevile, alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1878, Maria akiwa na miaka kumi tu.

Alimaliza shule mwaka wa 1883 na kupewa medali ya dhahabu. Lakini wapi! Chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Basi akapatana na dadake Bronisława: Maria afanye kazi na kutuma pesa ili dada asomee udaktari Paris, kisha dada naye amsaidie. Kuanzia 1886 alikuwa mwalimu wa nyumbani kwa familia moja katika kijiji cha Szczuki. Jioni, akiwa amechoka, aliwakusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma na kuandika kwa Kipolandi, jambo ambalo serikali ya Urusi ilikataza. Hakulipwa chochote kwa kazi hiyo. Hapo ndipo ninapoona imani yake ya kwanza: mwalimu hangoji barua ya kuajiriwa ndipo aanze kufundisha.

Mwaka wa 1891 alienda Paris. Alikaa katika chumba kidogo cha juu chenye baridi kali, akila kidogo na kusoma sana. Mwaka wa 1893 alipata shahada ya fizikia akiwa wa kwanza, na 1894 ya hesabu akiwa wa pili. Nia yake ilikuwa arudi kwao akafundishe, ila kwao hapakuwa na nafasi kwa mwanamke kama yeye. Akabaki, na mwaka wa 1895 akaolewa na mwanasayansi Pierre Curie. Mwaka wa 1898 waligundua elementi mbili mpya. Ya kwanza wakaiita poloniamu, kwa heshima ya Polandi. Hebu fikiria: nchi iliyofutwa kwenye ramani ikaingia katika jedwali la elementi! Ya pili ndiyo radiamu. Njia ya kuitoa kwenye mawe waliitangaza bure kwa kila mtu, ingawa wangeweza kutajirika, kwa kuwa waliamini sayansi ni mali ya wote.

Kuanzia mwaka wa 1900 alifundisha fizikia huko Sèvres, katika chuo cha wasichana waliosomea ualimu, akahimiza wafanye majaribio kwa mikono yao wenyewe. Mwaka wa 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Chuo cha Sorbonne kikampa Marie kazi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Tarehe 5 Novemba ukumbi ulifurika, wengine wakitarajia kilio. Yeye aliendelea na somo pale pale Pierre alipoachia.

Baadaye yeye na maprofesa rafiki zake waliwafundisha watoto wao wenyewe, kama kumi hivi. Waliona shule zinawafungia watoto kwenye madawati mno. Marie alichovya gololi za baiskeli kwenye wino, watoto wakaziviringisha kwenye ubao ulioinama, zikachora njia zake. Siku moja aliwauliza wafanyeje ili maji moto ndani ya chombo yasipoe. Watoto wakatoa mawazo mazito mazito. Yeye akawaambia kwamba angeanza kwa kukifunika. Sayansi ndiyo hiyo, jamani! Mmoja wa watoto hao, binti yake Irène, alipata Nobel mwaka wa 1935 pamoja na mumewe.

Kwao hakukusahau. Mwaka wa 1932 Taasisi ya Radiamu ilifunguliwa Warsaw, ikiwa na gramu moja ya radiamu aliyoitafutia pesa Marekani, na Bronisława akawa mkurugenzi. Marie alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na miale aliyoishi nayo miaka mingi.

Kwa maoni yangu, mjadala wetu tumeuweka vibaya. Tunauliza mwalimu yuko wapi, badala ya kuuliza anamfundisha nani, na kwao kunabaki nini. Tena tuwaulize waliofunga mlango: Warsaw ingempokea chuoni, je, angeondoka? Nchi ikitaka walimu wake wabaki, na iwape nafasi ya kufundisha.