Profesa Malima na namba ya mtahiniwa

Kila Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya darasa la saba, hapa Kariakoo maneno huwa mengi. Ukikaa na wazee wa Mtaa wa Narung'ombe baada ya swala ya Alasiri, hutamaliza kahawa yako kabla hujasikia jina la marehemu Profesa Kighoma Ali Malima. Mimi mwenyewe nilimjua kwa njia hiyo, maana alipofariki mwaka 1995 nilikuwa mtoto ambaye hajaanza hata shule.

Ndugu msomaji, kwa vijana wasiomjua, nieleze kwa ufupi. Profesa Malima alikuwa mtu wa Pwani, kutoka Kisarawe. Alisomea uchumi nchini Marekani na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton, kwa utafiti juu ya uchumi wa zao la pamba hapa nchini. Alirudi akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaingia serikalini zama za Mwalimu Nyerere. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi, akakabidhiwa Wizara ya Elimu.

Hapo ndipo sifa yake ilipofungamana na mitihani. Wakati ule nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zilikuwa chache mno. Shule za sekondari za kata hazikuwapo, na mtoto wa maskini aliyekosa nafasi hiyo safari yake ya shule ilikuwa imekwisha. Waislamu wengi waliamini kwamba jina la mtoto likionekana kwenye karatasi linaweza kumponza, kwa kuwa jina hutaja dini, na mara nyingi hutaja kabila pia. Wazee wanasimulia kuwa ni Profesa Malima aliyesimama kidete ili mtahiniwa wa darasa la saba atambuliwe kwa namba badala ya jina, na kwamba baada ya hapo watoto wao walianza kuonekana kwenye orodha za waliochaguliwa.

Nani alionewa, na kwa kiasi gani, ni jambo lililobishaniwa kwa miaka mingi na linaendelea kubishaniwa. Lakini hekima ya namba haihitaji ubishi. Msahihishaji asiyejua karatasi ni ya nani hana la kutazama ila jibu.

Maisha ya Profesa baada ya hapo hayakuwa mepesi. Alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1994, wafadhili walipozuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi, na akahamishiwa Wizara ya Viwanda na Biashara. Julai 1995 aliihama CCM akajiunga na chama cha NRA. Agosti mwaka huo huo akafariki London, kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Allah amrehemu.

Sasa nieleze kwa nini namwandika leo. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na kwa miaka mingi nimesimulia habari ya Malima nikiwanyooshea kidole wengine. Mwaka jana kidole kilinirudia.

Darasani kwangu yupo kijana wa darasa la sita anayechelewa karibu kila siku, kwa kuwa alfajiri humsaidia mama yake kupanga bidhaa Mtaa wa Kongo. Katika mtihani wa majaribio nilimpa 19 kati ya 50. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa akijaribu utaratibu wa namba, alifunika majina na kusahihisha upya karatasi zangu. Kijana yule akapata 31. Nilirudia swali la nguzo za udhu nikaona aibu. Alikuwa amezitaja zote, kwa mwandiko mbaya, nami niliacha kusoma kwenye ya tatu. Mtoto wa imamu mmoja tunayeheshimiana alisahau kupaka maji kichwani, nikampa alama zote.

Hakuna aliyenituma. Hakukuwa na njama. Nililiona jina, na jina likanisomea jibu.

Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 8, inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Je, itakuwaje kwa mtoto wa Kiislamu ambaye kosa lake ni kuchelewa kwa sababu ya umaskini? Nilimwita yule kijana, nikamweleza kosa langu na kumsahihishia alama. Akaniuliza kama bado ataadhibiwa kwa kuchelewa. Nikakosa la kusema.

Swali lake linatuonyesha namba inapokomea. Namba huficha jina, haifichi njaa wala usingizi wa mtoto aliyeamka saa tisa usiku. Vilevile haimpi fedha ya tuisheni wanayolipiwa wenzake. Kazi aliyoianza Profesa Malima haimalizwi na utaratibu wa karatasi peke yake.

Hata hivyo, tuanze na lililo mikononi mwetu. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi kwenye madrasa zetu bado tunasoma alama za watoto kwa majina mbele ya wazazi, tunasahihisha tukijua huyu wa nani, kisha tunalalamikia upendeleo wa serikalini. Walimu wenzangu, tufunike majina. Na karatasi yenye mwandiko mbaya tuisome mpaka mwisho.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu, na amlipe kheri marehemu Profesa Malima kwa kila mtoto aliyepata haki yake kwa sababu ya juhudi zake. Amin.