Max Theiler: Mtu aliyetuletea chanjo ya homa ya manjano

Msafiri wa Daraja Mbili anayekwenda Uganda kwa basi hubeba kadi ya njano pamoja na pasi yake. Wapo wanaoitafuta kadi hiyo bila kuchomwa sindano. Ndiyo maana leo tunamwangalia Max Theiler, ambaye sindano hiyo ni matunda ya kazi yake.

Theiler alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, Januari 30, 1899. Baba yake, Arnold, alikuwa daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Wafugaji wa Mlima Meru wanaijua familia hii bila kujua: kimelea cha ndigana kali kinaitwa Theileria kwa heshima ya baba huyo.

Max alisomea udaktari Cape Town na London, akahamia Marekani mwaka 1922. Mwaka 1929, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliambukizwa homa ya manjano maabara. Alipona, akabaki na kinga. Mwaka uliofuata alijiunga na Wakfu wa Rockefeller mjini New York, ambao mwaka 1936 ulianzisha Entebbe kituo cha kuchunguza ugonjwa huo.

Virusi alivyotumia vilichukuliwa mwaka 1927 kwa mgonjwa wa Ghana aitwaye Asibi, ambaye alipona. Theiler na wenzake waliviotesha tena na tena kwenye tishu za viinitete vya panya na kuku hadi vikapoteza makali. Mwaka 1937 chanjo ya 17D ilipatikana. Mwaka 1951 akapewa Tuzo ya Nobel, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuipata.

Wakati huo hakuna aliyezijua seli T. Zilianza kueleweka miaka ya 1960. Leo tunajua kwamba virusi hivyo dhaifu huingia kwenye seli za mwili na kuzaliana kidogo. Seli maalumu za ulinzi hubeba vipande vyake hadi kwenye tezi za limfu na kuzionyesha seli T. Baadhi ya seli T husaidia utengenezaji wa kingamwili. Nyingine huua seli zilizokwisha kuambukizwa. Kazi hiyo hufikia kilele baada ya wiki mbili hivi, kisha seli chache hubaki na kumbukumbu kwa miongo mingi. Kwa kuwa virusi ni hai, mtu mwenye kinga dhaifu amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuchomwa.

Theiler alifariki Agosti 11, 1972, nchini Marekani. Tangu 2016, dozi moja inatambuliwa kimataifa kwa maisha yote, kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Ofisa wa mpakani anaweza kudanganywa na kadi ya kununua. Mbu hadanganyiki, na seli T ambazo hazijafundishwa hazina cha kukumbuka.