KINJIKITILE NGWALE

Ndugu msomaji, zamani Wajerumani waliitawala nchi yetu kwa nguvu. Hapa mkoani Singida walijenga boma Kilimatinde. Kule kusini ya mto Rufiji waliwalazimisha watu kulima pamba. Ujira ulikuwa mdogo, viboko vilikuwa vingi. Watu walichukia, lakini kila kabila lilikuwa peke yake.

Katika kijiji cha Ngarambe aliishi Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 watu walisema amepandwa na pepo aitwaye Hongo. Kinjikitile aligawa maji ya dawa. Watu waliamini kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Wengi walitoka mbali kuja kuyanywa. Aliyekunywa alimhesabu mtu wa kabila jingine kuwa ndugu yake. Hofu ikawatoka. Imani mpya ikawa nguvu ya kudai nchi yao.

Inasimuliwa kwamba Kinjikitile aliwataka wasubiri amri yake. Lakini Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete. Vita vya Majimaji vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro.

Risasi hazikugeuka maji. Vita viliendelea hadi 1907. Walikufa watu zaidi ya 75,000, wengi kwa njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Basi msomaji, pima mwenyewe. Maji yale hayakuzuia risasi. Lakini yaliwaunganisha watu waliokuwa wametengana.

Swali la kuzungumza darasani: Je, watu wanaoonewa wanaweza kuungana bila kudanganyika?