Wakili wa Baltimore na karatasi za mzee wa Kitui

Mwezi uliopita nilitoka Mombasa kwenda kuhani msiba kwa wakwe zangu, Kitui. Nilishuka Emali, nikapita Wote, kisha nikavuka mto Athi. Sisi wa Pwani tunaujua mto huo kwa jina la Sabaki, pale unapomwaga maji baharini karibu na Malindi. Huko juu ndio mpaka wa Makueni na Kitui, na ndiko linakojengwa bwawa la Thwake, ambalo familia nyingi zilihama kulipisha.

Pale matangani, mzee mmoja alinitolea karatasi kutoka mfuko wa nailoni. Kipande cha shamba lake kilipitiwa na barabara miaka kadhaa iliyopita, na fidia hajaiona. Akaniuliza: kulipwa ni hisani ya serikali au ni haki yangu? Nikamwambia ni haki yake, na kwamba mmoja wa walioipigania mapema alikuwa kitukuu wa mtumwa, Mmarekani. Hakuniamini. Basi leo nawasimulia nyote.

Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Mamake alikuwa mwalimu. Alipotaka kusomea sheria, chuo kikuu cha jimbo lake la Maryland kilikuwa hakichukui weusi, akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, akamaliza 1933 akiwa wa kwanza darasani. Muda mfupi baadaye alirudi Maryland akiwa wakili, akakishtaki chuo kile kile kwa niaba ya kijana mweusi, na akashinda. Mwaka 1954 alishinda kesi kubwa zaidi: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule za weusi na weupe ni kinyume cha katiba.

Sifa hizo zilimfikia Tom Mboya. Januari 1960 Marshall alitua Kenya kwa mwaliko wake. Kule Kiambu wakoloni walimnyima ruhusa ya kuhutubia mkutano. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba walau awasalimu watu, akatamka neno moja tu, Uhuru, na umati ukalipuka.

Kutoka hapo alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akawa mshauri wa ujumbe wa Waafrika. Kiongozi wa ujumbe alikuwa Ronald Ngala wetu wa Kilifi, na katibu alikuwa Mboya. Marshall aliwaandikia rasimu ya haki za raia: kupiga kura, elimu, afya, kazi. Akaweka pia kwamba mali ya mtu isichukuliwe bila fidia, na asiyeridhika aende mahakamani.

Hapo ndipo wengi walipomshangaa. Mashamba mazuri yalikuwa mikononi mwa walowezi. Vipi mtu mweusi awatetee? Lakini yeye alikulia mahali ambapo walio wachache hawakuwa na kimbilio ila mahakama. Kenya huru, wachache wangekuwa Wazungu na Wahindi. Aliporudi Nairobi 1963, tayari akiwa jaji, jambo lililomkera ni namna wafanyabiashara wa Kihindi walivyoanza kubanwa.

Mimi namheshimu, lakini nina neno naye. Kinga ya mali humfaa kwanza mwenye hati. Mlowezi alikuwa nayo. Maskwota wa Kilifi na Kwale hawakuwa nayo, na wengi hawana hadi leo. Rasimu yake haikuingia nzima katika katiba ya uhuru, ila kinga ya mali iliingia, na aliyenyang'anywa shamba na mkoloni akaambiwa alinunue.

Nadhani hata yeye angelikubali. Mwaka 1967 aliingia Mahakama ya Juu, mweusi wa kwanza, akakaa hadi 1991. Mwaka 1987 Wamarekani wakisherehekea miaka 200 ya katiba yao, alikataa kushangilia tu. Aliwakumbusha kuwa ilizaliwa na kasoro, ikiwaacha nje wanawake na watumwa, na kwamba sifa ni ya wale walioirekebisha baadaye. Alifariki Januari 1993. Mwanahistoria Mary Dudziak aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2008, kuhusu safari yake ya Kenya.

Nasi tulirekebisha. Kifungu cha 40 cha katiba ya 2010 kinataka fidia ya haki ilipwe upesi, tena kinatoa nafasi hata anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hati afidiwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari, na bahari haina hati.

Yule mzee nimemtumia nakala ya kifungu hicho, na nimemsihi asizitupe karatasi zake. Nawe ndugu msomaji, ukiona wapima ardhi wameingia mtaani kwenu, usingoje matanga ndipo uulize.