Daktari aliyeujaribu mkanda kwa mwili wake

Katika matatu ziendazo Kisumu kutoka hapa Kakamega, abiria huuvuta mkanda anapomwona askari, kisha huuachilia akishapita kizuizi. Laiti angemjua John Paul Stapp, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyezaliwa Brazili mwaka 1910 na wazazi wamisionari.

Zama zile wataalamu waliamini kwamba binadamu hawezi kustahimili kusimamishwa ghafla kwa nguvu iliyozidi uzito wake mara 18. Stapp hakuridhika. Alijifunga mikanda katika kigari cha reli kilichosukumwa na roketi, akavunjika mbavu na kifundo cha mkono, akarudi tena. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, alifikia kilomita 1,017 kwa saa, akasimamishwa kwa sekunde 1.4 tu. Nguvu iliyomkabili ilizidi uzito wake mara 46. Macho yakavilia damu, akawa haoni. Kesho yake akaona tena. Ikadhihirika kuwa mwili uliofungwa vyema hustahimili mengi. Usiofungwa hurushwa ukapondeka.

Alitambua pia kwamba ajali za magari ziliwaua wanajeshi wa anga wengi kuliko za ndege. Wakubwa wake hawakupenda ajishughulishe na magari, naye hakukoma. Ukaidi huo, kwa maoni yangu, ulizidi ule wa roketi. Mwaka 1966 alishuhudia Rais Johnson akitia sahihi sheria ya usalama wa magari. Kwetu, matatu zilishurutishwa kuwa na mikanda mwaka 2004, enzi ya Waziri John Michuki.

Stapp alifariki nyumbani kwake Alamogordo mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 89.