Frank J. Sprague

Frank Julian Sprague (Milford, Connecticut, 25 Julai 1857 – New York, 25 Oktoba 1934) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni mfumo unaowezesha mabehewa mengi yenye mota zake yenyewe kuongozwa na dereva mmoja. Treni nyingi za umeme za chini ya ardhi duniani bado zinatumia msingi huo.

Maisha

Mama yake alifariki Frank akiwa bado mtoto, akalelewa na shangazi yake huko Massachusetts. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1878. Mwaka 1882 alitumwa London kwenye maonyesho ya umeme. Huko alipanda treni za chini ya ardhi, ambazo wakati ule zilivutwa na injini za mvuke na kujaza moshi ndani ya mahandaki. Akaanza kufikiria jinsi ya kuziendesha kwa umeme.

Mwaka 1883 aliacha jeshi akajiunga na Thomas Edison. Hakukaa sana: Edison alijali zaidi taa, Sprague alitaka mota. Mwaka 1884 alianzisha kampuni yake.

Tramu za Richmond

Mwaka 1887 alikubali kujenga njia ya tramu za umeme mjini Richmond, Virginia: takriban kilomita 19 na magari 40, kwa muda wa siku 90. Mji huo una miinuko mikali, na mota ziliungua mara kwa mara. Sprague alifunga kila mota upande mmoja kwenye ekseli na upande wa pili kwenye springi, ili meno ya gia yasiachane gari linaporuka. Huduma ilianza Februari 1888. Alipata hasara kubwa ya fedha, lakini miji mingine ilikuja kuona na kuiga.

Mabehewa mengi, dereva mmoja

Reli ya kwanza ya umeme iliyochimbwa chini sana jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1890, ilitumia kichwa cha treni kuvuta mabehewa yasiyo na mota. Njia hii ina kasoro. Kichwa kikiwa chepesi, magurudumu yake huteleza. Kikiwa kizito, hutikisa njia. Tena mwisho wa safari lazima kihamishwe upande wa pili.

Sprague, ambaye wakati huo alikuwa akitengeneza lifti za umeme, aliona jibu: kila behewa liwe na mota zake. Umeme mwingi hutoka kwenye reli ya tatu, huingia kwa kiatu cha chuma kinachoburuzwa juu yake, hupita kwenye mota na kurudi kwa reli za kawaida. Usukani wa dereva haugusi umeme huo. Hutuma mkondo mdogo tu kwa nyaya zinazopita treni nzima, na mkondo huo huamuru swichi za kila behewa zifunge au zifungue kwa pamoja. Mwisho wa njia dereva hutembea tu hadi upande wa pili.

Mwaka 1897 reli ya juu ya South Side, Chicago, ilimpa kazi hiyo kwa masharti magumu; aliweka dhamana ya dola 100,000. Katika majaribio ya Julai mwaka huo alimkabidhi usukani mwanawe Desmond, mvulana wa miaka kumi hivi. Bila shaka ilikuwa njia nzuri ya kuwanyamazisha wenye shaka. Mwaka 1898 Chicago iliachana na mvuke kwenye njia hiyo.

Reli ya Central London, iliyofunguliwa mwaka 1900 kwa vichwa vizito, ililalamikiwa na wenye nyumba kwa mtetemo. Kufikia 1903 ilikuwa imehamia mfumo wa Sprague. New York iliutumia tangu ilipofungua treni zake za chini ya ardhi mwaka 1904. Mjini Paris, treni zilizoitwa Sprague-Thomson zilifanya kazi kuanzia 1908 hadi 1983.

Sprague alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, Virginia.